Msiba Usio na Tarehe ya Mwisho

Vijana wangu, ninyi mnaoniamkia "shikamoo mama" huku macho yamebaki kwenye simu, marahaba. Mmeniomba niandike jinsi tulivyoanzisha kalenda ya pamoja ya watu wa programu huria hapa Mwanza. Najua mlitarajia habari za nyaya na mitambo, na hizo nitawapa kidogo. Sehemu kubwa lakini ni habari ya mzee mmoja wa Usagara, nje kidogo ya mji wetu, aliyeombolezwa na dunia nzima huku yeye akitafuna nyama ya ng'ombe wake mwenyewe.

Mimi ni Mama Kabula. Kabla ya kompyuta nilikuwa mpiga chapa kwenye chama cha ushirika cha pamba. Ilikuwa miaka ya tisini, wakati kila kitu kiliporuhusiwa. Waliruhusu mitumba, wakaruhusu wanunuzi binafsi wa pamba, na sisi wa ushirika wakaturuhusu kwenda nyumbani. Nikakaa nyumbani mwaka mzima nikipanga vyombo vilivyokwisha pangwa. Watu walianza kuniuliza kwa huruma kama sijafikiria kuuza dagaa.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Magesa, Mjita wa watu, mwembamba, fundi wa hesabu, asiyecheka mpaka wengine wacheke mbele yake mara tatu. Alikuwa na chumba nyuma ya chuo kimoja pale mjini, dirisha likitazama ziwa. Ndani mlikuwa na kompyuta moja, printa moja iliyopiga kelele kama cherehani mbovu, na laini moja ya simu. Vijana kama kumi walikuja pale kuandika programu, na hakuna hata mmoja aliyejua kupiga chapa kwa vidole zaidi ya viwili. Mwalimu akanikumbuka. Siku ya kwanza niliizunguka kompyuta ile nikitafuta mahali pa kuingizia karatasi, na Mwalimu alinitazama tu, kwa adabu, hadi nilipojisalimisha mwenyewe.

Programu huria ni hivi. Mtu anaandika programu, anaiacha wazi, na mwingine popote alipo anaitazama, anairekebisha na kuirudisha. Haina mwenyewe, na wote ni wenyewe. Nilipomweleza jirani yangu alisema, "Kumbe ni kama kisima cha kijiji." Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na nani anakisafisha?" Baadaye niligundua ni mimi.

Maana wale watu, waliotawanyika nchi mbalimbali, walikuwa na akili nyingi na mpangilio sifuri. Wawili walirekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, halafu wakakasirikiana kwa barua pepe. Kikao kilipangwa, akafika mmoja, akajihutubia. Wakakubaliana iwepo kalenda moja ya wote, na programu ya kuiendesha. Kijana wetu Kulwa, mtoto wa Usagara aliyekuwa na kipaji cha ajabu na soksi zisizofanana, ndiye aliyeandika kipande kikubwa cha programu hiyo. Lakini nani wa kuitunza? Kila mmoja akasema ana kazi. Mwalimu akawaandikia kwamba Mwanza yupo mama aliyetunza shajara za wakubwa watatu wa ushirika na hakuna aliyewahi kukosa safari. Wakakubali.

Ninyi mnaona jambo dogo. Kwangu mimi, kalenda ile ndiyo iliyonifanya niamke, nioge, nivae viatu vya kisigino. Niliitwa mtunza kalenda. Ningeipoteza, ningerudi kwenye vyombo.

Sasa utaalamu kidogo, ili msiseme nimewadanganya. Kalenda iliishi kwenye mashine yetu. Mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa kumi alasiri, mashine ilipiga simu, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikapeleka barua zetu na kuleta za wenzetu. Katika barua za asubuhi ilikuwamo moja iliyoandikwa na programu yenyewe kwenda kwa kila mwanachama duniani: "Leo kuna jambo hili, wahusika ni hawa." Basi. Ninyi leo simu inawatetemekea mfukoni hata mkikaribia duka la viatu.

Kosa la saa, la kuandika saa tatu ya kwetu na mashine ikaelewa saa tatu ya kizungu, najua mnalisubiri. Tulilifanya, likaisha wiki ya kwanza, tusipotezeane muda.

Makosa mazuri yalikuja baadaye. Kijana mmoja alijiandikia laini ya simu kila siku mwaka mzima, nikamuuliza ana nini cha kusema kirefu hivyo, akajibu, "Sina, mama, ila nikipata?" Mwingine alikuwa anavuka ziwa kwa kivuko. Miaka ile magugu maji yalikuwa yamelifunika ziwa kama shamba la mchicha, kivuko kikinasa kinanasa. Basi akawa anaandika kwenye kalenda "magugu" kila Jumatatu, hata siku ambazo maji yalikuwa meupe na tulimwona kwa dirisha akinunua mahindi ya kuchoma gatini.

Na wadudu wa ziwani! Wakipaa wale, wingu zima, wanaingia puani, wanaingia kwenye chai, wanaingia kwenye kompyuta. Vijana walitaka kuwapuliza kwa mdomo. Msipulize kamwe, mate ni maji. Mimi nilitumia brashi yangu ya kusafishia herufi za taipureta, na pembeni nikatumia unyoya wa kuku. Mashine ile ilidumu kuliko ndoa nyingi ninazozijua.

Ni wadudu hao walioniponza. Nilikuwa nimeinama ndani ya kompyuta na unyoya wangu Kulwa aliponiuliza, "Mama, mtu akiandika tukio na asiandike linaisha lini, programu ifanyeje?"

"Acha liendelee mpaka mwenyewe aseme," nikajibu, bila hata kuinua kichwa.

Akaandika hivyo hivyo. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshatunga sheria zangu mbili, nazo nikizionea fahari. Ya kwanza: tukio lililoandikwa "wote" linafunga siku, hakuna kingine kitakachopangwa juu yake. Ya pili: asiyeandika tukio asilifute, kila mtu na chake. Nilizichapa kwa herufi kubwa nikazibandika mlangoni.

Jumatano moja asubuhi dereva wa lori la mchanga alisimama chuoni na ujumbe. Babu yake Kulwa, Mzee Masalu wa Usagara, amefariki. Kulwa alikaa chini akashika kichwa. Tulimpa maji, tukampa pole, na Mwalimu akamwambia aende upesi. Kijana yule mwaminifu, kabla ya kupanda lori, alikumbuka kwamba haruhusiwi kutoweka bila kuandika kwenye kalenda. Akaketi na machozi yake akaandika: Msiba wa babu yake Kulwa. Siku nzima. Wahusika: wote.

Maana msiba wa mwenzako ni wako, angeandika nini kingine? Na kwenye nafasi ya mwisho hakuandika kitu. Hata ninyi msingeandika. Nani anayepanga siku ya kuanua matanga kabla wazee hawajakaa? Ungekuwa kama unawafukuza watu. Nilimwona akiiruka nafasi ile, na mimi mwenyewe nikaona ni adabu.

Kesho yake asubuhi dunia nzima ikapata barua: "Leo: Msiba wa babu yake Kulwa. Siku nzima. Wahusika: wote."

Zikaja pole. Zikatoka Ujerumani, zikatoka India, mama mmoja wa Brazili akaandika ukurasa mzima, Mwalimu akanitafsiria nikalia. Nikasema kumbe hawa watu wana utu, si vidole tu.

Siku ya pili barua ikaenda tena, zikaja pole tena, chache. Siku ya nne mtu wa India akauliza kwa upole sana kama desturi yetu inadai pole kila siku, ili ajipange. Siku ya saba mmoja akauliza, "Samahani, ni babu yuleyule, au Kulwa ana mababu saba?"

Na kazi ilisimama. Ukijaribu kupanga kikao, programu inasema siku imejaa. Kesho? Imejaa. Mwezi ujao? Nilisogeza mbele kalenda ile mpaka mwaka elfu mbili, ambao watu walisema dunia itaisha, nikakuta msiba wa Mzee Masalu unasubiri hapo.

Ndipo Holger alipoandika. Holger alikuwa Mjerumani aliyeratibu mambo ya kundi, mtu wa haki na asiye na utani hata wa dawa. Aliandika kwamba anaheshimu maombolezo yetu, lakini anapendekeza kalenda ihamishiwe kwao. Kura Jumamosi. Tukitaka kushiriki, tuifungue kalenda tukiandike kikao hicho kabla ya Ijumaa jioni. Tukishindwa, watapiga kura bila sisi.

Nilimtazama Mwalimu. "Nina neno la siri kuu," nikasema. "Naweza kuufuta sasa hivi."

"Unaweza," akasema. "Utaufuta?"

Nikapeleka kidole kwenye kitufe. Kidole kikakataa. Cheka tu, wewe unayesoma, lakini nenda kafute msiba wa babu wa mwenzako, matanga hayajaanuliwa, tuone kama utalala. Nikawaita vijana mmoja mmoja. Wa kwanza akakumbuka ana darasa. Wa pili akakumbuka magugu. Mwalimu mwenyewe, mtu wa hesabu asiyeamini hata bundi, alisema mkono unamuuma.

Alhamisi Kulwa akarudi. Alikuwa amenenepa.

"Pole baba," nikamwambia. "Mzee mmemzika salama?"

Akatazama soksi zake. "Mama, babu hajafa."

Mambo yalikuwa hivi. Mzee Masalu alikuwa mgonjwa, akazimia, akapoa miguu. Wanawake wakapiga kilio, majirani wakajaa, mwenye lori akatumwa mjini, ng'ombe akachinjwa. Nyama ilipoanza kuchemka mzee akafumbua macho akauliza, "Nani kachinja?" Walipomwambia ni ng'ombe gani alitaka kufa tena. Alipotulia akasema nyama haiwezi kurudi kwenye ngozi, hakuna kuondoka mtu, watakaa wamle ng'ombe huyo mpaka aishe, na yeye mwenyewe akaketi katikati ya waombolezaji kusimamia ugawaji. Ndiyo maana Kulwa alichelewa.

"Ashukuriwe Mungu!" nikasema. "Basi kaa hapo ufute."

Kulwa akaketi. Lakini alikuwa amekuja na shangazi yake, mwanamke wa Buhongwa, mpana, mwenye khanga mbili na maneno kumi kwa kila moja lako. Shangazi akauliza tunafuta nini. Tukamweleza.

"Mmetangaza kwa watu wangapi?"

"Wote, shangazi. Dunia nzima."

"Na walitoa pole?"

"Walitoa."

"Halafu mnataka kuuzima kwa kidole kama kibatari? Msiba ukishatangazwa unaanuliwa. Na anayeanua ni mkubwa wa ukoo."

"Mkubwa wa ukoo ni nani?" akauliza Mwalimu.

Shangazi akamtazama kama mtu aliyeuliza jua linatokea wapi. "Si baba mwenyewe."

Mwalimu Magesa akacheka. Mara ya kwanza, bila kusubiri wengine watangulie. Alicheka hadi akavua miwani, na mimi nilitamani kumpiga na printa, kwa sababu Ijumaa ilikuwa kesho na kalenda ilikuwa yangu.

Ijumaa saa nane mchana lori la mchanga likasimama, na Mzee Masalu akateremka kutoka kiti cha mbele. Koti jeusi, kofia, fimbo. Mtu aliyetoka kufa lakini viatu vimepigwa rangi.

"Mwangaluka," akasema, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ingawa asubuhi ilikuwa imepita zamani.

"Mwangaluka, shikamoo mzee," tukajibu kwa fujo.

"Marahaba. Kiko wapi kilio changu?"

Nikamwonyesha kioo. Akakisogelea, akakigusa kwa ncha ya fimbo, taratibu, jinsi unavyopima kama ng'ombe amelala au amekufa. Kisha akataka kusomewa pole zote. Nilitazama saa. Simu ya mashine ilikuwa saa kumi kamili, na tukiikosa hiyo, Holger hatapata kitu mpaka Jumamosi, muda aliotupa umekwisha pita. Lakini nani atamharakisha marehemu? Mwalimu akasoma moja moja na kutafsiri. Mzee alifumba macho akiitikia, "Ehe. Ehe." Ya yule mama wa Brazili aliomba irudiwe.

"Ana mume?" akauliza.

"Baba!" shangazi akamaka.

"Nauliza tu. Na ng'ombe? Hakuna aliyempa pole ng'ombe?"

Hakuna. Mzee akasikitika waziwazi. Tukamchapia pole zake zote kwenye printa, zikatoka karatasi ndefu zilizoungana, akazikunja akaziweka ndani ya koti.

Saa tisa na nusu. Nikasema, "Mzee, sasa tuanue?"

"Matanga hayaanuliwi watu wamesimama," akasema. Tukakaa sakafuni. "Na wasifu wa marehemu haujasomwa."

Kulwa, masikini, alikuwa ameandika wasifu kule Usagara siku ile ya kilio, na karatasi ilikuwa bado mfukoni. Akasimama akausoma: marehemu alizaliwa, alifuga, alilima pamba, alioa wake wawili.

"Watatu," akasema mzee.

"Baba, yule wa kwanza si alirudi kwao?" shangazi akanong'ona.

"Alirudi, hakufutika. Andika watatu."

Akaandika watatu. Saa kumi kasoro kumi. Nikakaa kwenye kiti changu na jasho langu. Nikafungua tukio, programu ikaniuliza swali lake moja: tarehe ya mwisho?

Nikageuka. "Mzee, msiba wako niandike unaisha lini?"

Niliposikia nilichosema, nilitaka ardhi ipasuke. Kulwa aliziba uso. Shangazi alianza kufungua khanga na kuifunga upya. Mzee Masalu akaegemea fimbo, akafikiri kama mtu anayepangiwa bei ya pamba.

"Ukiandika kesho, utakuwa umenipangia," akasema. "Ukiandika leo, leo mimi nipo, mtu hawezi kuhudhuria matanga yake halafu apande lori arudi nyumbani. Andika jana."

Nikaandika jana. Nikabonyeza. Siku zote zilizojaa zikafunguka, hadi mwaka elfu mbili na kuendelea. Nikaandika kikao cha Jumamosi, mashine ikapiga simu yake, ikalia, na mzee akaruka nyuma ya shangazi.

Jumamosi tuliiacha laini ya simu wazi tukakutana na wenzetu kwa maandishi, Mwalimu akitafsiri, mimi nikichapa, tukaanza kwa kuwaeleza kwamba marehemu yu hai na matanga kayaanua mwenyewe. Holger akauliza kosa lilikuwa la nani. Kulwa akanitazama, tayari kulibeba, kwa sababu programu ni kazi ya mkono wake. Sikiliza hapa, kijana unayesoma. Nilikuwa na kila njia ya kukwepa. Nikachapa: "Kosa ni langu. Niliulizwa nikiwa nimeinama, nikajibu bila kufikiri, na jibu langu likafanya nafasi tupu iwe milele." Na nilikosea herufi, mimi, mpiga chapa wa wakubwa watatu.

Kisha Holger akauliza programu ifanye nini mtu asipojua mwisho. Wakaanza kubishana. Mmoja akasema iweke siku moja. Mwingine akasema wiki. Mwingine akasema imkatalie mtu mpaka aandike tarehe. Nikawaza jinsi kwetu jirani anavyofanya ukiwa na mgonjwa au msiba: hakupangii, anapita asubuhi, anasimama mlangoni, anauliza. Nikachapa, "Siku isifungwe. Programu imuulize mwenye tukio kila asubuhi: Bado? Akisema bado, iendelee. Akisema tayari, ilifunge tukio."

Holger akajibu kwa neno moja, Mwalimu akalitafsiri: "Nzuri." Kura ikapigwa, kalenda ikabaki Mwanza. Niliitunza mpaka nilipostaafu, na swali lile bado limo kwenye programu mnayoitumia. Msidhani limewekwa na mtaalamu.

Mzee Masalu alifariki kweli miaka kadhaa baadaye, kiangazi kikianza. Kulwa akaandika, mashine ikatangaza, na mama wa Brazili akajibu kabla hata hatujafika Usagara: "Poleni sana, lakini safari hii tusubiri kidogo." Tulicheka msibani, Mungu atusamehe, na shangazi alicheka kuliko wote. Kila asubuhi programu ilimuuliza Kulwa: Bado? Akaandika: Bado. Wazee wakaanua matanga, sufuria za kuazima zikarudishwa kwa wenyewe, watu wakarudi kwenye kazi zao. Kulwa naye akarudi, akawa anapokea kazi za watu kama kawaida, lakini kila asubuhi aliulizwa na kila asubuhi akaandika: Bado. Neno la siri kuu lilikuwa kwangu, ningeweza kulifunga tukio lile nisimwambie mtu. Sikufunga, na hakuna aliyeniuliza, si Mwalimu, si Holger. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza nilipofungua mashine asubuhi moja nikakuta ameandika: Tayari. Nikampangia kikao cha saa nne, naye akafika saa nne kasoro tano.